Mama na Mbingu ya Gemu

Mama yangu amefuma sweta za shule hapa Ruring'u tangu nikiwa mdogo, kwa mashine iliyo chini ya dirisha la sebule. Rangi ya uzi haichagui ndani ya nyumba. Hutoka nao mlangoni, akaushika kando ya uzi mweupe, ndipo anasema neno. Mwaka jana mteja mmoja alirudisha sweta akidai si rangi ya shule yao, na kaka yangu mkubwa, anayeishi Kutus, akaamua macho ya Mama yamekwisha. Alitaka mashine ampe mkewe. Nilikasirika.

Jumamosi aliyokuja kuichukua, nilikuwa nimeleta kisanduku kipya chenye gemu zetu za utotoni, zile tulizocheza kwa kaseti mpaka vidole vikaota sugu. Nilikichomeka kwenye televisheni bapa nikitumaini kaka atalainika. Rangi ziliwaka, nami nikafurahi. Mama akatazama mara moja tu.

"Hii mbingu si ile yenu. Ile ilikuwa na zambarau kidogo. Na hiyo nyasi ati ni ya wapi?"

Kaka akanigeukia. "Umesikia? Hata bluu haoni tena."

"Niko na macho yangu," Mama akamjibu. "Nionyesheni nyeupe kwanza."

Nikatafuta wingu kwenye gemu. Mama akakata uzi mweupe, akaushika kando ya lile wingu, mwanga wa mchana ukiingia dirishani. Hapo hata mimi niliona. Wingu lilikuwa la samawati, kama shati lililozidishiwa bluu ya kufulia. Kuingia kwenye mipangilio, nikakuta televisheni bado iko kwenye rangi za kuvutia wateja dukani, vile ilivyotoka kwa muuzaji, na sisi tumeitazama hivyo miaka mitatu tukiisifu! Nikazima hizo mbwembwe, nikapunguza ubaridi wa rangi, ile samawati iliyozidi, kidogo kidogo mpaka wingu na uzi vikakubaliana.

Mbingu ikabaki bluu tupu. Nikakumbuka kwamba zile mashine za gemu za zamani hazikubeba rangi kamili. Zilituma ishara tu, televisheni ikajifasiria. Kisanduku changu kinakisia, na ndani yake kina makisio saba ya rangi ya kuchagua. Nikayapitisha moja moja bila kumwambia Mama niko wapi.

"Hapo," akasema kwenye la tano.

Nikayavuruga, nikaanza upya. Akasema "hapo" kwenye lile lile. Mara ya tatu kaka mwenyewe alishika pedi ya kuchezea, akaruka huku na huku ili amtege.

"Hapo. Na uache mchezo."

Bado kaka alibisha. Basi tukaenda kwa fundi jirani, ambaye angali ana televisheni ya kisogo kikubwa, tukaibeba sisi wawili hadi nyumbani tukihema. Mashine yetu ya gemu ya zamani ilikuwa juu ya kabati, na kaseti moja ndani yake. Tukaiunganisha, picha ikatetemeka, kisha mbingu ikatokea. Ilikuwa na zambarau kidogo. Tukaweka televisheni mbili bega kwa bega, na hata ungelipwa usingeona tofauti. Nilipiga kelele za ushindi mpaka fundi akachungulia dirishani kuuliza kama tumeivunja.

Mama hakushangaa hata kidogo. Miaka yote ile tulipokuwa tukicheza, alikuwa kwenye mashine yake nyuma yetu, akiitazama mbingu hiyo kuliko sisi tuliokuwa tunakimbizana na maadui. Alirudi kwenye kiti chake akaendelea na mkono wa sweta alioukatiza.

Kaka akazima gemu. Kwetu wanaume hawaombi msamaha, na yeye ndiye mkaidi kutuzidi sote.

"Mami," akasema, "unaweza nifumia sweta?"

"Ya rangi gani?"

"Chagua wewe."