Mkwe Wangu wa Mazoezini

Mpaka leo nikisikia harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, iliyotiwa mawese mengi, nalikumbuka darasa moja la shule ya msingi pale Kasongo, madawati yamesukumwa ukutani, na sisi katikati tukifokeana maneno ya kuandikiwa. Kikundi chetu cha maigizo hakikuwa na jina la maana wala pazia. Kulikuwa na mwalimu aliyetunga mchezo kwenye simu yake na kutuongoza, mshonaji mmoja Mwislamu aliyecheza chifu, wasichana wawili wa kwaya, na mama mmoja muuza samaki wa Nyangwe. Mimi nilikuwa fundi wa pikipiki, mgeni kutoka upande wa Wamaza, sina ndugu hata mmoja mjini. Nilijiunga nao kwa sababu ya upweke. Sanaa sikuijua.

Mchezo ulihusu mwanamume anayefiwa na mke, kisha anamfukuza nyumbani mama mkwe wake aliye mjane. Mwanamume huyo mbaya nilikuwa mimi, na mama mkwe alikuwa yule mama wa samaki. Binti aliyetuunganisha hakuonekana jukwaani hata mara moja. Mchezo ulipoanza alikuwa amekwisha kufa.

Siku ya kwanza mshonaji alinitania: "Mbele ya mukwe wako unaikala hivi, na miguu umenyoosha?"

Nikaikunja haraka. Wote wakacheka, na yule mama akajifunika kitenge kichwani na kugeuza uso, kama mama mkwe halisi. Nadhani ndipo yote yalipoanza. Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya: humtazami machoni, huli mbele yake, hupazi sauti akiwepo. Tulianza kwa mzaha, halafu mzaha wenyewe ukatuzoea. Nikikutana naye njia ya sokoni, nampisha mpaka naingia kwenye nyasi. Chakula kikiletwa mazoezini, nachukua sahani yangu na kwenda kula nyuma ya darasa, nikitazama ukuta. Na nilifurahi, sijui nieleze vipi. Katika mji ule mzima nilikuwa nimepata mtu mmoja wa kumwonea haya.

Yeye alifurahi kunizidi. Hakuwahi kuzaa, na soko zima lilijua. Wenzake wa meza za samaki walikuwa na wakwe wa kuwasengenya, huyu mvivu, yule mlevi, na yeye miaka yote alikuwa akisikiliza tu. Sasa naye alikuwa na wa kwake. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani yake, "Mukwe wangu iko anakonda. Sijui anakula nini." Alilalamika kwa raha tupu. Jioni ile msichana mmoja wa kwaya aliniletea samaki aliyefungwa kwenye jani, maana mkwe hapewi kitu mkono kwa mkono.

Taabu ilikuja tulipofika sehemu ya kumfukuza. Nilitakiwa nisimame mbele yake, nimnyooshee kidole na kupiga kelele, "Toka mu nyumba yangu!" Sikuweza. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na macho yangu yakaenda kwenye vidole vyake vya miguu. Tukarudia, tukarudia tena.

"Weye uko unafukuza mutu ao uko unamuomba luruhusa?" mwalimu akaniuliza.

"Ni mukwe," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitisha. Mwalimu akavua miwani. "Sikukuu ya kuonyesha muchezo iko karibu. Kama kesho inashindikana, nafasi nitamupatia mushonaji. Weye utabeba viti."

Nimetukanwa sana na wenye pikipiki mbovu, lakini hicho cha kubeba viti kiliniuma. Kesho yake nilikwenda mapema, nikiwa nimeamua kuwaaga kabla hawajaniondoa.

Yule mama alikuwa amefika kabla yangu. Kichwa chake kilikuwa wazi, na kwenye dawati mbele yake palikuwa na sahani moja kubwa ya wali, sombe na samaki.

"Kuja, tukule," akasema.

Nikatazama mlango. Kwetu mama mkwe akila nawe sahani moja, ameiondoa ile haya, na ikishaondolewa hairudi. Alijua hivyo kuliko mimi.

"Mama, tuache tu. Mushonaji ataweza."

"Mushonaji anacheka-cheka. Kama haunifukuzi muzuri, watu hawatamuonea mujane huruma, na wajane wanafukuzwa kila siku." Akanawa mikono. "Miye sina binti. Unajua. Basi kula."

Nikala. Mikono yetu iligongana kwenye sombe na sikujua nitazame wapi, kwa hiyo nikamtazama yeye. Ndipo nilipoona kwamba jicho lake moja ni dogo kuliko lingine. Alikuwa akilia huku anatafuna, bila kuficha. Wenzetu walipoingia walikuta sahani tupu, wakaelewa, na hata mshonaji hakutania. Siku hiyo nilifoka mpaka mwalimu akarudi nyuma.

Sikukuu ilipofika, kiwanja kilijaa watu wa parokia na wa msikiti, na vijana waliotoka Lusangi na udongo wa machimbo kwenye viatu. Nilimfukuza yule mama bila huruma. Nilitupa sufuria zake nje, moja baada ya nyingine. Watu walinizomea, bibi mmoja akanirushia ganda la ndizi, na mwalimu alikuwa akichekelea pembeni. Nilijua nimefaulu. Lakini moyoni nilijisikia mgeni tena, kama siku niliyoshuka kwenye pikipiki nikiwa na begi langu.

Mchezo ulipokwisha, wanawake wasiotujua walimzunguka wakimpangusa vumbi. Mmoja wao akaninyooshea kidole.

"Mama, ule kijana ni mukwe wako wa kweli?"

Nikangoja aseme kwamba ni mchezo tu. Yeye akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, mbele ya umati wote.

"Ni wangu," akasema. "Na iko mutoto muzuri. Musimuguse."