Kopo la Misumari

Mdogo wangu ni mwalimu wa darasa la tatu, na kwa sababu hiyo nyumba yetu haina hata chupa ya kuwekea chumvi. Zote amezibeba kwenda shuleni. Nikilalamika ananijibu kwa ile sauti yake ya chini, "Dada, ni za watoto," kisha anaendelea kuchambua maharage, akitupa yaliyotobolewa na wadudu. Tangu aanze kazi hajawahi kumpandishia mtu sauti. Mdomo wa nyumba nzima nilipewa mimi.

Mpango wenyewe ni huu. Kila mtoto ana chombo chake dirishani, chupa au kopo linaloonyesha ndani. Ijumaa anamsomea mwalimu ukurasa mmoja, na kwa kila sentensi aliyoisoma bila kukwama anadondosha haragwe. Kila hesabu aliyoipata, punje ya mahindi. Akimaliza anavisha chombo mpira mwembamba pale maharage na mahindi yalipofikia, ili wiki ijayo ajue alikotoka. "Alama wanazisahau," mdogo wangu husema. "Hii wanaiona kwa macho."

Siku ya wazazi nilikwenda kumpelekea funguo alizozisahau, maana akili yake yote iko kule dirishani. Nikamkuta baba mmoja, fundi mwashi, amesimama mbele ya mdogo wangu na suruali yenye vumbi la saruji, mikono kiunoni. Bintiye, katoto kembamba wanakokaita Sisimizi, alikuwa amejikunyata kwenye dawati.

"Mwalimu, macho ninayo," fundi alikuwa akisema. "Hebu tazama chupa ya jirani yake, inakaribia kujaa, mipira imepanda kama ngazi. Huyu wangu hajafika hata nusu, mipira yote imebanana chini. Basi mwakani arudie darasa. Nimeshamwambia mwalimu mkuu, ananisubiri ofisini nikaweke sahihi."

Sisimizi alikuwa analia bila sauti. Mdogo wangu akasema, "Lakini baba, mtoto anasoma vizuri," kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa mlangoni niliisikia kwa taabu. Nilitaka kuingilia kati, na nashukuru sikuwahi, maana ningeharibu kila kitu.

Mtoto akajifuta kamasi kwa mkono wa sweta, akamgeukia mwenzake wa dawati. "Niazime chupa yako." Ilikuwa chupa ndefu, nyembamba, iliyokatwa kichwa. Akamwaga maharage na mahindi ya mwenzake juu ya daftari, taratibu, asipoteze hata punje. Halafu akachukua kopo lake akavimimina vyake ndani ya ile chupa. Vikapanda, vikaupita mpira wa juu kabisa wa mwenzake, vikafika ukingoni, vikaanza kumwagika sakafuni, na koponi bado vimebaki.

Yule fundi, mtu anayepima mchanga na saruji kwa ndoo kila siku iendayo kwa Mungu, aliitazama chupa, kisha akalitazama kopo.

"Kopo pana hivi alikupa nani?"

"Ni wewe, baba. Ulilitoa misumari ukanipa."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Kisha akapiga magoti na kuanza kuokota maharage chini ya madawati. Mdogo wangu alipoinama kumsaidia, akamzuia. "Acha, mwalimu, haya ni yangu. Nikimaliza naenda kwa mkuu kufuta maneno yangu."

Sisimizi alimsimamia kama msimamizi wa ujenzi. "Baba, umeliacha lile kule, chini ya kabati."

Fundi akalala kifudifudi, akaingiza mkono wote, akalitoa, akalipuliza vumbi. "Na hili ni la nini? Hesabu?"

"Hilo ni haragwe, baba. Ni la kusoma."

"Haya, lete kitabu unisomee," akasema, akakaa palepale sakafuni.