Kiti cha Udiwani Kilichosingiziwa Kuvunja Ndoa

"Diwani yeyote wa kata hii, ndoa yake haimalizi mwaka."

Neno hilo nililisikia nikipiga pasi. Mteja aliyelisema alichukua suruali yake akaenda zake. Mimi likaning'ang'ania kichwani kama kupe.

Maana binti yangu, fundi bomba, alikuwa anagombea udiwani wa kata hiyohiyo.

Nikaanza kuhesabu. Diwani wa kwanza, mwenye duka la dawa: alishinda, mke akaondoka. Wa pili, seremala: alishinda, mke akaondoka. Wa tatu, mama mwenye mgahawa: alishinda, mume akaondoka hata chai hajamaliza.

Presha juu!

"Mwanangu, achana na hicho kiti."

"Mama, kiti kina miguu, lakini kwangu hakipajui."

Mkaidi kama baba yake.

Nikamfuata mkwe wangu kwenye tanuri lake la mikate. Mpole yule! Akimwaga unga anauomba radhi.

"Baba, unampenda mwanangu?"

"Sana, mama."

"Basi siku ya kura usisimame nyuma yake. Akishindwa, ndoa yenu imepona."

Kata yetu tulipiga kura kwa mlolongo. Wagombea wanasimama mbele ya ofisi ya kata, kila mtu anajipanga nyuma ya anayemtaka, mnahesabiwa. Hakuna siri.

"Mama, si ataniona?"

"Atakushukuru baadaye."

Mkwe atambishiaje mama mkwe?

Siku ikafika. Mpinzani wa binti yangu alikuwa kinyozi. Mimi na mkwe tukajipanga nyuma ya kinyozi, vichwa chini, kama tunasubiri kunyolewa.

"He! Huyo si mama yake?"

"Na yule si mume wake? Makubwa haya!"

Binti yangu akageuka. Akanitazama mimi. Akamtazama mumewe. Afadhali angenitukana.

Nikatupa macho upande wa pili kukwepa aibu. Nikaona nini? Mke wa kinyozi, huyohuyo wa ndoa, kasimama kwenye mlolongo wa binti yangu, kajificha uso kwa mkoba!

Binti yangu akashinda. Jioni mkwe akabisha hodi kwangu na begi.

"Nimefukuzwa, mama."

Mwaka? Ndoa haikumaliza hata siku!

"Si ungemwambia mimi ndiye niliyekutuma?"

"Nimseme mama mkwe? Sitaweza."

Asubuhi nikaenda kwa mke wa kinyozi. Naye nikamkuta anafunga mizigo.

"Wewe jana ulifuata nini kule?"

"Niliambiwa kiti kinavunja ndoa, nikataka mume wangu ashindwe. Kashindwa, na mimi naitwa msaliti."

Nikakalia mzigo wake mmoja.

"Na mke wa seremala alisimama wapi enzi zile?"

"Kwa mpinzani. Aliogopa yaliyompata mke wa mwenye duka la dawa. Hata mume wa yule wa mgahawa alifanya hivyohivyo."

"Na huyo mke wa mwenye duka la dawa?"

"Mpinzani alikuwa kaka yake wa damu. Angemwacha vipi?"

Lahaula! Mmoja alimfuata kaka yake, akagombana na mumewe nyumbani. Waliobaki wote walikuwa wanakimbia uvumi wa huyo mmoja, na mbio zao ndizo zilizowaangusha. Kiti cha watu tulikisingizia bure.

Nikamkokota mama wa watu hadi kazini kwa binti yangu. Tulimkuta kajikunja chini ya sinki. Tukamwaga yote.

Akaweka spana chini.

"Kwa hiyo yule mwokaji wangu alisimama kule..."

"Kwa kukupenda, mwanangu. Mpaka ujinga."

"Ujinga ni wako, mama. Yeye mwambie arudi. Na asije mikono mitupu, nina njaa."

Kinyozi naye alipoelezwa alicheka mpaka wembe ukamponyoka. Mizigo ikafunguliwa.

Baadaye kata yetu ilifutwa, ikaunganishwa na ya jirani. Binti yangu ndiye aliyekuwa diwani wa mwisho, na mumewe yupo, kanenepa.

Sasa kura za kata mpya zinakaribia, na ni za mlolongo vilevile. Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kubeba neno la mtu bila kumuuliza kalitoa wapi.

Kumtuma mkwe jambo ambalo hawezi kukukatalia.

Kumwokoa mtoto mzima kwa siri.

Kusimama kwa adui ukidhani utaeleweka. Watu wanaona ulikosimama, moyo wako hawauoni.

Na msiniulize safari hii nitasimama wapi. Binti yangu keshaniambia nibaki nyumbani, nipige pasi.