Soko Lisilo na Matabishi

Mimi ndiye niliyempa maman neno "fungu". Kwenye tangazo walikuwa wameandika "lot". Lot ya kwanza ilikuwa pazia zito la jukwaa kwenye ukumbi wa shule, na lot ya pili mapazia ya vyumba ambamo watoto wadogo hulala mchana, kwenye crèche tatu za commune, yaani manispaa yetu. Nikatafuta namna ya kumweleza, nikasema, "Maman, ni kama mafungu ya nyanya. Unaweza kuchagua moja, lingine ukaliacha."

Akaelewa papo hapo. Maman alikulia Buyenzi, Bujumbura, na mama yake alikuwa akiuza nyanya na bilinganya kwa mafungu. Na zabuni ya serikali kama hii kwa Kifaransa inaitwa marché public, yaani soko la umma. Kwa hiyo ni soko, tena soko lenye mafungu. Kichwani mwake mambo yote yakakaa mahali pake, na mimi nikafurahi kwamba angalau mara moja nimetafsiri vizuri.

Tulikuwa tunaihitaji sana kazi ile. Maman ana atelier ya ushonaji ndani ya Galerie, jengo la maduka kule Matonge, mtaa wa Waafrika wa jiji hili. Ina mashine tatu, na jirani yake ni saluni ambayo moshi wa nywele unaingia mpaka kwetu. Watu wa harusi walikuwa wamepungua. Wengine walikuja na nguo walizonunua kwenye simu, wanataka tu kupunguza kiuno. Kampuni ya usafi aliyoifanyia kazi zamani, kwenye majengo marefu ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, ilikuwa imempigia simu: nafasi ipo, ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Akikubali, atelier inafungwa. Nayakumbuka vizuri maisha yale. Nilikuwa naamka na kukuta kitanda chake kimetandikwa na chai kwenye termosi, na jioni anarudi amechoka hata kunigombeza hawezi. Sikutaka yarudi. Sikumwambia, maana mimi si mtu wa kusema mambo, lakini sikutaka.

Ndiyo maana kila Jumapili nilikaa jikoni kwetu Koekelberg na kompyuta, nikifungua tovuti ambapo serikali inatangaza kazi zake zote. Mimi nasoma shule ya Kiholanzi, kwa hiyo nilitafuta "pazia" na "kushona" kwa lugha zote mbili za jiji, Kifaransa na Kiholanzi. Maman alisimama nyuma yangu na kitunguu mkononi.

"Hii hapa? Unifome za wafanyakazi wa tram?"

"Kubwa mno, maman. Wanataka uonyeshe umeshafanya kazi tatu kama hiyo."

"Nimeshona watu wa kwaya mara ngapi?"

"Kwaya si tram."

"Bon. Na hii?"

"Hii mwisho wake ulikuwa juzi."

Nilijifunza kuanza kusoma mwishoni. Mwanzo wa waraka wa masharti ni mtamu kila mara, na mwisho ndipo wanapoficha meno: faini ya kila siku ya kuchelewa, vyeti, dhamana. Mapazia ya crèche yalikuwa kazi ya kwanza niliyoisoma mpaka mwisho bila kukuta ukuta. Fungu la kwanza tuliliacha, pazia la jukwaa lilikuwa zito kuliko mashine zetu. Fungu la pili liliwezekana, mradi kitambaa kiwe na cheti kwamba hakishiki moto upesi. Kulikuwa na sharti moja zaidi: kila mzabuni lazima ahudhurie ziara ya kupima madirisha na kutia sahihi. Usipokwenda, umejitoa mwenyewe.

Siku ya ziara, tukiwa kwenye metro, nikaona maman amebeba kopo la biskuti juu ya magoti, amelishika kwa mikono miwili kama anabeba mtoto.

"Maman, hiyo ni nini?"

"Mandazi."

"Ya nani?"

"Ya batu ba crèche. Na ule madame wa commune. We ulisema ni visite, ama?"

"Visite ya kupima madirisha!"

"Visite ni visite. Muntu hafikake kwa batu mikono mitupu, tena kwenye kuko batoto."

Nikatoa simu, nikafungua waraka, nikamsomea kwa sauti ndogo: mzabuni atakayempa mtumishi wa commune faida yoyote anaweza kuondolewa.

"Faida? Ni mandazi."

"Kwao ni matabishi, maman."

Neno hilo lilimuuma, niliona. Kwetu matabishi ni ile nyanya moja ambayo muuzaji anaitupia juu ya fungu wakati umeshalipa, akikutakia heri. Lakini pia ni kile ambacho karani anakingojea ndipo akutilie muhuri. Maman akainua vidole viwili mbele ya pua ya bwana aliyekuwa anasoma gazeti. "Matabishi iko mbili! Kuko ile polisi anakuomba, na kuko ile mama anaongeza kwa roho yake. Hapa nani ameniomba kintu?"

"Basi tuiache kwenye metro."

"Chakula? Kukitupa? Astaghfirullah."

Tulipofika, madame wa commune alikuwa mlangoni na beji kifuani na faili mkononi. Karibu yake alisimama bwana mrefu wa kampuni kubwa ya mapazia, ana kifaa cha kupimia kwa mwanga mwekundu. Hakukuwa na wengine. Niliomba moyoni maman asahau. Hakusahau. Alisalimia mmoja mmoja, akauliza hali za nyumbani, kisha akafungua kopo. Harufu ya iliki ikajaa ukumbi mdogo wenye viatu vya watoto.

Madame akarudisha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Hapana, asante, madame. Siwezi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maman alidhani ni adabu. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula hukataa kwanza, asionekane mlafi, na mwenye chakula hukazana. Basi maman akakazana. "Moja tu! Onjeni!" Akasukuma kopo mpaka likagusa faili.

Yule bwana mrefu akacheka. "Mimi nimeleta mita peke yake. Mandazi nayo yanahesabiwa kwenye pointi za zabuni?"

Madame akawa mwekundu mpaka shingoni. Akafungua kalamu. "Nitalazimika kuliandika hili," akasema.

Maman akanigeukia. "Anasema nini?"

Darasani nikiitwa kusoma kwa sauti, sauti yangu hukwama. Mwalimu ameshazoea, huniruka. Pale hapakuwa na wa kuniruka. Nikafungua mdomo, na kikatoka Kiholanzi, maana nikiogopa Kifaransa hunikimbia. "Mama yangu hajui kwamba hapana yako ni hapana," nikasema. "Kwetu hapana ya kwanza ni adabu."

Madame akaniangalia. "Na ya pili?" akauliza, kwa Kiholanzi hicho hicho.

"Ya pili pia."

"Basi mwambie hii ni ya tatu."

Nikamwambia. Maman akafunika kopo polepole, akabonyeza kifuniko pembe zote nne kana kwamba kuna kitu kinaweza kutoroka. Kisha tukapima madirisha. Mimi nilishika ncha ya utepe, maman akanisomea vipimo kwa sauti ndogo. Tulipotia sahihi, madame alisema kila swali na kila tukio la ziara litajibiwa kwa maandishi, kwenye tovuti, kwa wazabuni wote. Kuhusu sisi kubaki au kuondolewa, hilo wataamua watu wa sheria.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Kopo lilikaa atelier juu ya meza ya pasi, na maman hakuligusa. Anayeshona naye ni maman mmoja wa Lubumbashi, mtu wa kanisa na wa maneno mengi. Yeye ndiye aliyelifungua.

"Dada, mandazi haina zambi," akasema huku anatafuna. "We ulikosea kintu moja tu. Matabishi inakuja nyuma ya bei. Wamesha kubali bei?"

"Hapana."

"Voilà! Kabla ya bei iko na jina ingine."

Akacheka peke yake. Maman akakanyaga mashine kwa nguvu, na akashona mkono wa gauni la watu kinyumenyume, ikabidi aufumue. Baadaye nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, "Unawaza watanitoa?" Yule wa Lubumbashi hakujibu kwa utani. Alisema, "Sijue, dada. Tuombe."

Mimi nilifungua tovuti wakati wa mapumziko, kwenye ngazi za shule, nikiogopa kila mara kidole kinapogusa. Hatimaye majibu yakawekwa. Kulikuwa na swali kuhusu reli za madirisha, swali kuhusu cheti cha kitambaa, halafu hili: "Je, mzabuni anaweza kuleta chakula wakati wa ziara? Jibu: Hapana. Chakula kilicholetwa kilikataliwa na kurudishwa. Hakuna mzabuni aliyeondolewa."

Nilimsomea maman jioni, akakaa kwenye kiti.

"Alhamdulillahi." Kisha akasema: "Donc mandazi yangu iko kwa serikali sasa. Imeandikwa."

Ikabaki kuandika bei na maelezo, na hapo tukagombana kweli. Maman alitaka kuongeza pazia moja la akiba kwa kila crèche, na mito midogo ya watoto kutokana na mabaki. Bila malipo.

"Hawajaomba mito, maman. Kisichoombwa kinaharibu karatasi yote."

"Nikauze fungu tupu? Bila hata kimoja juu?"

"Ndiyo! Ni soko lisilo na matabishi!"

Nilipiga kelele, mimi ambaye sipigi. Maman hakunigombeza. Alikunja utepe wake wa kupimia kwenye vidole, akaukunjua, akaukunja tena.

"Sasa watajuaje kama mi ni muntu muzuri?"

Hao watu hawatamwona. Watasoma tu. Nikainamia waraka ili nisimwangalie usoni, na kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia, nikasoma upya namna wanavyogawa pointi. Bei ina sehemu kubwa, kitambaa kina yake, na mwishoni kuna sehemu ndogo niliyokuwa nimeipita kama kitu cha kampuni kubwa: huduma baada ya kazi.

"Maman, pazia likichanika mwakani utafanya nini?"

"Ntaenda kulichukua."

"Halafu?"

"Nishone, nilirudishe. Siku ile ile. Batoto balale wapi na mwanga ule?"

"Kwa bei gani?"

"Bei ya nini? Uzi?" Alinikasirikia kabisa. "Bure!"

Nikaanza kuandika. Akaendelea kusema kwa hasira, na mimi nikaandika alichokisema, nikitoa hasira tu. Angepita kila baada ya miezi kadhaa kuangalia pindo. Angewafundisha wafanyakazi namna ya kufua ili kitambaa kisipoteze kinga yake ya moto. Alipoona vidole vyangu vinakimbia akainamia kompyuta.

"Unaandika nini?"

"Matabishi yako. Wameyawekea sehemu yake."

Tulituma. Mwisho wa mwezi ukakaribia bila habari. Bwana wa usafi akapiga simu, maman akamwomba siku chache, akampa mpaka Ijumaa. Alhamisi jioni nilimkuta ameanza kufunga vitenge kwenye mifuko, akasema anapanga tu. Hakuna mtu anayepanga vitenge kwenye mifuko ya kuhamia.

Ujumbe ulikuja Ijumaa nikiwa kwenye chumba cha chakula cha shule. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikaufungua. Nilisoma mstari wa kwanza nikadhani nimeusoma vibaya. Nikampigia.

Nyuma yake nilisikia mashine. "Maman, fungu la pili ni letu."

Mashine ikanyamaza. "Soma."

"Wameandika: bei, sisi ni wa pili. Kitambaa, sawa na yule mwingine. Huduma baada ya kazi, pointi zote. 'Mzabuni anaahidi kuchukua, kutengeneza na kurudisha siku ileile, ili usingizi wa watoto usikatizwe.'"

"Soma tena."

Nikasoma tena, safari hii polepole.

"Unaona?" akasema. "Wamejua."

Kisha akavuta kamasi na kusema angoje kidogo, ampigie yule bwana wa Gare du Nord kabla hajafunga ofisi. Lakini kabla hajakata, nikamsikia maman wa Lubumbashi akipiga kelele kutoka kwenye mashine yake, "Muulize mutoto! Bei si wamesha kubali? Sasa tunaweza kupeleka mandazi?"

"Hapana!" nikasema, kwa sauti iliyojaza choo kizima.

Maman akacheka. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

"Hiyo ni hapana ya kwanza," akasema, akakata simu.