Basi la Alfajiri Kwenda Lisbon

Zrrr! Zipu ya begi langu ilisikika usiku, na taa ya jikoni ikawaka.

"Mutoto, unaenda bila kuaga?" aliuliza Maman, mama Mkongo aliyenilaza bure kwenye kochi lake, mtaa wa Schaerbeek, Brussels, kwa juma zima.

Mwaka ule nilizunguka Ulaya na begi mgongoni, nikiwinda mabasi ya bei poa. Mabasi hayo huondoka watu wamelala, kwa hiyo msafiri asiye na pesa hujifunza kuaga miji, si watu.

"Sikutaka kukuamsha, Maman. Naenda Lisbon."

"Bon, kunywa chai kwanza." Alishika mkanda wa begi langu, hakuuachia. "Ule mutoto wangu naye alienda huko."

Jirani alikuwa amenionya: tangu kijana wao aondoke kwa ugomvi na baba yake, jina la kijana huyo lilikuwa marufuku nyumbani humo.

"Ukimuona, umuambie mulango iko wazi."

"Nimuulizie kwa jina gani, Maman?"

Alitazama mlango wa chumba alimolala mumewe. Nilidhani atanong'ona. Lakini kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula, akasema:

"Dieudonné!"