Karatasi za Chumba cha Dada

Dada yangu alikubali kuhama Busia aje kuishi nami Rubongi kwa sharti moja: asilale kwenye chumba kile kikiwa kama alivyokiacha. Alikuwa anakijua. Alinisaidia kumuuguza mume wangu humo mpaka alipofariki, na kwenye ukuta wa upande wa kitanda palibaki alama ya mahali mgonjwa alipokuwa akiegemeza kichwa. Nilipaka chokaa mara kadhaa, alama ikarudi kila ilipokauka. Chumba kingine cha ziada sina. Kimoja nalala mimi, na cha nyuma kimejaa magunia ya mahindi. Ndipo nikaenda Busia, nikavuka upande wa Kenya, nikanunua karatasi za kubandika ukutani, rangi ya maziwa yenye majani membamba ya kijani.

"Ni ya sebule?" muuzaji aliniuliza.

"Ya chumba cha kulala."

"Basi beba na gundi yake, mathe. Usije ukalaumu karatasi."

Gundi sikubeba. Kwetu kila kitu cha karatasi hubandikwa kwa uji wa unga wa muhogo: matangazo ya msiba, kalenda, picha za wagombea. Picha hizo hukaa kwenye kuta za maduka mpaka mwenyewe anashindwa uchaguzi wa pili. Sikuona kwa nini majani yangu ya kijani yahitaji kitu kingine.

Nilisogeza kitanda. Nilining'iniza jiwe kwenye uzi nipate mstari ulionyooka, maana kona za nyumba yetu haziaminiki. Kazi ile inataka watu wawili, mmoja juu ya meza akishika ncha, mwingine chini akilainisha. Nilikuwa natandaza juu, nashuka nalainisha chini, na nikipanda tena nakuta juu kumeinama. Redio niliiwasha ili nyumbani pawe na mtu anayeongea.

Mchana jirani yangu, mke wa askari wa kambini, alisimama dirishani na mtoto mgongoni.

"Mama, nasikia harufu ya uji. Unapika ama unajenga?"

"Nabandika."

"Ukuta yako itashiba leo."

Jioni ukuta ulipendeza. Vipande vilikutana vizuri, majani ya huku yakiendelea kule. Asubuhi, kila mahali kipande kilipokutana na kingine palikuwa na ufa mwembamba, na chokaa ikichungulia ndani yake. Nilichunguza. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hujivuta. Mimi nilikuwa nikiipaka uji na kuibandika hapo hapo, tena nikiivuta kwa vidole ili ifike kwa mwenzake. Nilipoinua ncha moja, mgongo wake ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga. Uji ulikuwa umeshika chokaa vizuri sana, ila chokaa yenyewe haikuwa imeshika ukuta.

Baada ya siku chache kingo zikaanza kuwa na meno meno. Mende walikuwa wamegundua muhogo.

"Kumbe mende ndiyo imeshiba," alisema jirani.

Dada alipiga simu. "Chumba kimefika wapi?"

"Kinakauka."

"Kinakauka, au kuna unachonificha? Mwenye ploti anataka kujua kama natoka kwenye chumba chake. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri kidogo."

Nilirudi kwa muuzaji. Aliiweka gundi mezani kabla sijafungua mdomo.

Vipande vilivyoharibika nilivibandua, nikakwangua chokaa, nikaosha ukuta na kuuacha ukauke kabisa. Kisha nikaupaka gundi nyepesi, nikauacha ukauke tena. Safari hii kila kipande nilikipaka gundi, nikakikunja upande wa gundi ukiwa ndani, nikakiacha kilegee kwanza. Ukutani nilikisukuma kwa viganja kuelekea kipande kilichotangulia, bila kukivuta. Nilisubiri kidogo, halafu nikapitisha chupa ya soda juu ya maungio, taratibu, kwa sababu ukikandamiza sana gundi inatoka yote na ukingo unabaki mkavu. Iliyotoka niliifuta kwa kitambaa chenye maji.

Palipoinuka ukingo tu, nililowesha karatasi kwa kitambaa, nikaiinua kwa mgongo wa kisu, nikapenyeza gundi kwa brashi ndogo na kuirudisha. Karibu na mlango ulibaki ufa usiozibika na karatasi ilikuwa imekwisha. Nilichanganya rangi ya maji mpaka ikafanana na maziwa, nikaipitisha ndani ya ufa. Aliyesimama mlangoni hakuweza kuuona.

Dada alikuja na mfuko mmoja. Aliingia chumbani kabla ya kunywa maji, akapitisha kiganja ukutani.

"Zinakutana wapi?"

Nilimwonyesha. Akacheka, akasema hata fundi wa kanisa lao hafikii hapo. Tulikula, tukasimuliana habari za waliooa na waliozikwa, na nilikwenda kulala nikijua kwamba nyumba ina watu wawili.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kutandika kitanda. Alikuwa ameketi kitandani, mfuko miguuni.

"Umefanya kazi nzuri, mdogo wangu. Alama siioni."

"Sasa?"

"Nilidhani naogopa alama. Usiku nimekohoa hapa, nikasubiri. Kule ploti nikikohoa, mama wa chumba cha pili anasema pole kupitia ukutani. Siku nyingine ananitukana, anasema namwamshia mtoto."

"Nilikuwa nimelala, dada."

"Najua. Sikulaumu." Alinyoosha shuka ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Njoo wewe kwangu."

"Kwako ni chumba kimoja."

"Kitanda ni kikubwa."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia nitafikiria. Mahindi nani atayaangalia, na nyumba nimwachie nani, hayo nilimwambia pia, naye akaitikia yote kwa kichwa huku akitafuta gari kwa macho.

Sijampa jibu. Hupiga simu Jumapili akisharudi kutoka kanisani. Hanisihi tena. Ananieleza nani amehamia ploti na nani amefukuzwa, watoto wakigombana nyuma yake, nami nasikiliza mpaka salio lake linakwisha.