Nilisema Ghala Limejaa

Kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa mwingine. Nilitangaza redioni kwamba kahawa ya wakulima wetu ipo ghalani. Haikuwepo, na mimi nilijua. Kwa maneno yangu shemeji yangu alipoteza mavuno ya msimu mzima. Baadaye, kwa kuwa hakuniamini tena, akapoteza na shamba la migomba aliloachiwa na kaka yangu marehemu.

Jina langu sitaliandika, wala la kijiji. Kama wewe ni mtu wa Ngara, huenda kisa chenyewe kikanitambulisha kwako. Sawa tu.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomesha kwa vitabu vya kuazima parokiani na vijarida vya kilimo ambavyo wenzangu walifungia vitumbua. Hivyo ndivyo nilivyojifunza ubora wa kahawa, mpaka chama chetu cha msingi kikaniweka kuwa mpimaji. Kazi yangu ilikuwa kupiga bambo, kile kichuma chenye mfereji ambacho ukikichomeka kwenye gunia kinatoka na punje za ndani. Nililipiga kwenye gunia la tajiri na la mjane. Hata gunia la paroko halikusalimika. Watu walinitania: "Huyu hata kanisani siku ya harusi yake alikuja na bambo."

Kwa tabia hiyo ya kutosema kabla sijaona, redio ya jamii ikanichukua niwe ripota wake wa huku. Nilirekodi kwa simu, wakarusha kwenye kipindi cha wakulima. Jina la Ripota likanikaa. Konsolata, mke wa marehemu kaka yangu, ambaye shamba lake linapakana na langu, alikuwa akinisubiri njiani jioni.

"Ripota, dunia inasemaje leo?"

Namweleza. Alichokisikia kwangu alikuwa hakiulizi kwa mwingine.

Msimu ule wakulima walikuwa wameshapeleka kahawa ghalani, wanasubiri mnada. Ukaanza uvumi kwamba kuna magari yanapakia kahawa usiku. Watu wakasema watakwenda kutoa magunia yao. Mwenyekiti wa chama akawajibu kwamba uvumi ule ni wa walanguzi wa butura, wale wanaonunua kahawa ya mtu ikiwa bado maua mtini. Hawakutulia. Ndipo akanipigia simu.

"Mtaalamu, njoo kesho, kuna wageni kutoka mkoani. Watu wanakusikiliza wewe. Utaona kwa macho yako, uwaambie."

"Nije na bambo?"

"Bambo la nini? Hii ni ziara, siyo ukaguzi. Unataka kututobolea magunia mbele ya wageni tuonekane wezi?"

Nikaliacha limetundikwa ukutani.

Hatukuanzia ghalani. Tulianzia nyumbani kwake, kwenye mbuzi na rubisi. Huku kwetu ukishakunywa pombe ya ndizi ya mtu, ukiwa umeketi kwenye kiti chake, kumkagua siku hiyohiyo ni utovu wa adabu utakaosimuliwa mpaka kwa wajukuu zako. Mwenyekiti alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Heshima yetu wenyewe aliigeuza kufuli la ghala.

Akanitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye mtaalamu wetu." Bwana mmoja mwenye tai akainuka kitini kunipa mkono. Nilikuwa sijawahi kuinukiwa na mtu aliyesoma. Nilijisikia nimeongezeka urefu.

Ghalani magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na paa. Ya mstari wa mbele yalifunguliwa midomo, na kahawa yake ilikuwa safi, imekauka vizuri. Wageni wakapiga picha. Mimi nikapita pembeni kidogo, nikaegemea gunia la mstari wa nyuma.

Likabonyea.

Gunia la kahawa halibonyei namna ile. Ukiliegemea linakaza. Lile lilizama kama mto wa kulalia. Ndani mlikuwa na makapi, maganda matupu yanayobaki kahawa ikishakobolewa. Sikuhitaji bambo. Mkono wangu ulijua palepale.

Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa ananitazama.

"Mtaalamu, tumeridhika?"

Wageni wote wakanigeukia. "Tumeridhika," nikasema.

Hapo sikudanganywa na mtu. Wanaonihurumia wanasema nilifichwa ukweli, na mimi niliwaacha waamini hivyo. Leo nawarudishia huruma yao. Nilinunuliwa kwa neno moja, "mtaalamu," na lenyewe nilipewa bure.

Nilipompigia mhariri wa redio, nilimwambia nimeona magunia lakini sikupiga bambo. Nilikuwa natafuta mtu wa kunizuia.

"Ukisema hukupiga bambo, watu watauliza kwa nini," akanijibu. "Na kipindi chenyewe chama ndicho kinakidhamini. Sema ulichoona, basi."

Nikasema nilichoona: "Nimefika mwenyewe, nimeona kwa macho yangu, ghala limejaa." Hapakuwa na neno la uongo. Ghala lilikuwa limejaa kweli. Hivyo ndivyo wanavyodanganya watu makini, na mimi ni mtu makini.

Asubuhi iliyofuata nilikutana na Konsolata njiani, anasukuma baiskeli yenye gunia. Sehemu ya kahawa yake alikuwa ameibakiza nyumbani, chini ya kitanda, kwa sababu ya ule uvumi.

"Unaipeleka wapi, shemeji?"

"Ghalani. Wenzangu walinicheka kuwa nalala na kahawa kama mume. Sasa Ripota ameona, mimi nani nibishe?"

Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na mwenyekiti pale wala mgeni mwenye tai. Ningeweza kushika usukani wa ile baiskeli nikaigeuza.

"Nenda salama," nikamwambia. Nikamsukumia mpaka kilima kilipoisha.

Baada ya mnada, siku ya kutoa mzigo, mnunuzi alikuja na bambo lake. Hakuwa amekunywa rubisi ya mtu. Alipiga gunia la kwanza la nyuma yakatoka makapi, akapiga lingine yakatoka makapi, akalifuta bambo lake kwa kitambaa akarudi kwenye gari. Kahawa ya watu ilishauzwa zamani kwa mlango wa nyuma, na gunia la Konsolata lilifuata njia hiyohiyo.

Ukaitishwa mkutano. Tulitegemea kuombwa radhi. Tulipewa semina. Viongozi walikaa meza kuu na maji ya chupa, wakatuambia uchunguzi unaendelea, tuwe watulivu, tena tuache tabia ya kuamini uvumi. Uvumi! Katika mambo yote tuliyoambiwa msimu ule, uvumi peke yake ndio uliosema kweli. Redio ilidanganya, ofisi ilidanganya, mpimaji alidanganya. Mwenyekiti aliachia kiti "kwa sababu za kiafya" na bado Jumapili anakaa benchi la mbele, ana afya kuliko sisi sote. Nikimwona anapokea komunyo, hasira inanipanda mpaka natoka nje.

Lakini gharama yenyewe ilikuwa bado njiani.

Msimu uliofuata nilikwenda msibani Nyamigogo, kule Biharamulo. Nilikuta mashamba ya migomba yamekuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa na zikikatwa ndani ni nyeusi. Wenyeji walinikatia shina moja nikaona ute wa njano unachuruzika. Mnyauko. Wakanionyesha dawa yao: mgomba mgonjwa ung'olewe mapema, panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua likatwe kwa kijiti chenye panda.

Safari hii nilikuwa nimeona na nimegusa. Niliporudi nilitangaza redioni, nikapita na nyumba kwa nyumba. Kwa Konsolata nilikuta mgomba mmoja, upande wa bonde, majani yake yameanza kulegea.

"Shemeji, huu ung'olewe leo. Ukiuacha, shamba lote litakwenda."

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Bambo umepiga?"

"Shemeji, sitanii."

"Na mimi sitanii. Uliposema kahawa ipo, haikuwepo. Leo unasema migomba itakufa. Basi itapona."

Mwanamke jirani aliyekuwa amekaa naye akacheka mpaka akashika ubavu. "Ripota, labda ofisi inataka mashamba sasa. Kahawa imewaishia."

Niliwakasirikia. Nikaondoka nikiwaita wajinga moyoni mwangu, na nilifika nyumbani kabla sijakiri kwamba hawakuwa wajinga hata kidogo. Waliwahi kuamini mara moja, wakaona. Mtu akishaumwa na nyoka na wewe ndiye uliyemwambia ni kamba, usimshangae akikataa kamba zako zote.

Afisa wa kilimo alikuja, naye wakamsikiliza kwa mikono nyuma. Panga lisilopitishwa motoni likatembea kutoka shamba hadi shamba. Kufikia mvua za vuli, shamba la Konsolata, migomba aliyoipanda kaka yangu nilipokuwa namshikia machipukizi, lilikuwa limelala chini. Kwetu nyumba bila migomba ni nyumba bila jiko. Sasa ananunua ndizi sokoni, mke wa mtu aliyekuwa akigawa ndizi kwa majirani.

Nilikwenda kwake nikamwambia yote, pamoja na gunia lililobonyea.

"Kwa hiyo ulijua, na kilima ulinisukumia."

"Nilijua."

"Bora ungeniibia mwenyewe."

Hakunifukuza. Nakwenda kumsaidia kung'oa visiki, ananikaribisha maji. Nikimpa shikamoo anaitikia marahaba, kisha anarudi kwenye jembe lake. Lile swali la jioni hajaniuliza tena. Napita njiani polepole makusudi, nikitumaini ataliuliza. Haulizi.

Wewe unayesoma, kiongozi wako akikuambia ghala limejaa, iwe la kahawa, la chama au la ofisi unayofanyia kazi, mwombe akupishe ukapige bambo. Akikasirika umeshajibiwa. Usione aibu hata kama tumbo lako lina rubisi yake.

Na wewe ambaye watu wanakungoja njiani wakuulize, nakuonya kuliko wote. Siku mkono wako utakapogusa gunia likabonyea, sema limebonyea, hapohapo, mbele ya wageni. Usipolisema siku hiyo, siku utakapokuwa na la kweli utalisema peke yako shambani, na migomba itaendelea kunyauka.